Podikasti yako inasikika vibaya, au haisikiki kabisa? Tutafute chanzo

Hapa Nkuhungu, Dodoma, sipitishi wiki bila kutumiwa faili la podikasti, yaani kipindi cha sauti cha kusikiliza kupitia intaneti, kwenye WhatsApp, likifuatiwa na ujumbe: "Dada, sikiliza halafu niambie ninunue maiki gani." Anayetuma anaweza kuwa mwanafunzi wa UDOM, mwalimu wa Kongwa, au mama wa Hombolo anayelima zabibu na ana mengi ya kusema kuhusu bei. Nasikiliza. Mara nyingi maiki haina kosa lolote. Kosa ni chumba, au umbali kati ya mdomo na simu, au mpangilio mmoja ndani ya simu ambao hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Nimeyapanga haya kwa dalili, kama unavyomweleza daktari. Tafuta dalili inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza. Ninaomba ushike jambo moja tu: badilisha kitu kimoja, rekodi sekunde 30, sikiliza kwa hedifoni, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na sauti ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na wiki ijayo tatizo likirudi utaanza upya.

Kwanza, matatizo ya kusikiliza

Naanzia huku kwa sababu wengi wanaotaka kutengeneza podikasti hawajasikiliza hata kumi. Wanawasha simu na kuongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, kwa kuwa redio ndiyo wanayoijua.

*"Bando limeisha na sijasikiliza hata vipindi viwili."* Programu yako inapakua yenyewe kila kipindi kipya cha kila podikasti uliyojiunga nayo, tena kwa data ya simu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya upakuaji, zima upakuaji wa moja kwa moja, kisha ruhusu upakuaji kwa waifai peke yake. AntennaPod, ambayo ni ya bure na haina matangazo, ina mpangilio huo, na programu nyingine nyingi pia zinao.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Faili la MP3 la kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 kwa saa nzima. La kilobiti 128 ni kama MB 58. Video ya mazungumzo hayohayo hula mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo kama "podikasti" yako unaitazama YouTube huku simu iko mfukoni, unalipia picha usiyoiona. Pakua ukiwa chuoni au ofisini kwenye waifai, usikilize ukiwa kwenye daladala ya Mtumba. Anayesafiri kwenda Kondoa au Mpwapwa apakue kabla ya kuondoka, maana njiani mtandao huja na kupotea.

*"Inanyamaza kila nikizima kioo."* Simu nyingi za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, ili kutunza chaji. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta jina la programu yako ya podikasti, iondolee kizuizi.

*"Inafunguka, lakini kila podikasti inagoma kupakia."* Kabla ya kulaumu mtandao, tazama tarehe na saa ya simu. Simu iliyoishiwa chaji kabisa au iliyofutwa upya inaweza kuamka ikiwa miaka kadhaa nyuma, na hapo ulinzi wa intaneti huona kila tovuti kuwa ya kutiliwa shaka. Weka tarehe ijirekebishe yenyewe kutoka kwenye mtandao.

*"Programu niliyoizoea haipo tena."* Waliokuwa wakitumia Google Podcasts waliipata hiyo mwaka 2024 ilipofungwa. Podikasti zenyewe hazikupotea, na hapa inafaa kuelewa jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu nusu ya matatizo ya kurusha yanatokana na kutokujua hili. Podikasti ni mafaili ya sauti yaliyowekwa mahali fulani kwenye intaneti, pamoja na orodha moja inayoitwa mlisho wa RSS. Orodha hiyo inasema: kipindi cha kwanza kiko hapa, cha pili kiko pale. Programu ya kusikilizia inasoma orodha tu. Ndivyo ilivyo tangu neno "podcasting" lilipoandikwa gazetini Uingereza mwaka 2004, na Apple walipoziingiza kwenye iTunes mwaka 2005. Programu ikifa, unahamia nyingine inayosoma mlisho uleule. Fanya leo: toa orodha ya podikasti zako kama faili la OPML, ulihifadhi. Ukihama simu au programu, unaliingiza na kila kitu kinarudi.

*"Sijui nisikilize nini kwa Kiswahili."* DW Kiswahili, RFI Kiswahili na Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa huweka vipindi vyao kwa njia hii, na Watanzania wanaorekodi mazungumzo marefu ni wengi. Sikiliza ukiwa na daftari. Andika sekunde ngapi zilipita kabla hujajua kipindi kinahusu nini. Andika ulipochoka ni wapi. Daftari hilo litakufaa kuliko maiki ya laki tatu.

"Nasikika kama niko ndani ya tangi la maji"

Hili ndilo tatizo kuu la Dodoma. Nyumba zetu mpya zina kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu na dirisha kubwa la kioo. Ni nzuri kwa macho, lakini sauti ikitoka mdomoni inagonga kila upande na kurudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo. Sikio lako chumbani halioni tabu, limezoea kuchuja. Maiki haichuji.

Jaribio: simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali, nyamaza. Ukisikia mkia wa mlio, kitu kama "tiiing" baada ya kofi, chumba hicho hakifai kama kilivyo. Nenda chumba cha kulala, piga tena. Pale penye godoro, nguo na pazia zito mkia unakatika. Rekodi pale.

Wengi wanajaribu kutibu mwangwi kwa kununua maiki ghali zaidi. Maiki nzuri hunasa mwangwi vizuri zaidi. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani nazo hazisaidii sana, ni nyepesi mno. Kinachomeza sauti ni kitu kinene na laini: magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma yako, blanketi zito mlangoni, kabati la nguo lililofunguliwa mbele yako. Ukiweza kufanya jambo moja tu, weka kitu laini nyuma ya mgongo wako, kwa sababu maiki inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako kwa pamoja.

Gari lililozimwa na vioo kupandishwa ni studio ya kweli. Viti, mazulia na dari vyote ni vitambaa. Ila liegeshwe kivulini na urekodi asubuhi mapema, maana saa sita jua la Dodoma halikupi dakika kumi humo ndani.

Na kuna studio ambayo watu wa huku tunaiacha ibomoke: tembe, nyumba ya jadi ya udongo. Niliwahi kurekodi ndani ya tembe la Kigogo upande wa Mvumi, simu ya kawaida kabisa, bila godoro wala blanketi, na nikapata sauti safi kuliko niliyokuwa naipata chumbani kwangu. Kuta nene za udongo zisizonyooka hazirudishi sauti kama plasta. Paa la udongo halipigi ngoma mvua ikinyesha wala halilii jua likipanda. Kama kwenu kijijini tembe la bibi bado limesimama, anzia hapo.

Kama chumba huna namna ya kukibadilisha, basi sogea. Ukiongeza umbali kati ya mdomo na maiki mara mbili, sauti yako inayofika pale hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini mwangwi wa chumba unabaki ulivyo. Kinyume chake ndiyo dawa: sogea nusu, na sauti yako inaushinda mwangwi. Shubiri moja kati ya mdomo na simu inatosha. Mikono miwili mbali, kama watu wanavyoweka simu mezani katikati ya watu wawili, haitoshi kamwe.

Angalia pia maiki ya simu iko wapi. Kwa simu nyingi ni kitundu kidogo kwenye ukingo wa chini, karibu na tundu la chaji. Watu huongea na kioo huku kidole kimeziba kitundu, au kava imekifunika. Geuza simu, elekeza ukingo wa chini mdomoni.

"Kuna kitu kinapiga puu, puu ninaposema P"

Pumzi ya P na B inagonga maiki. Usiongee ukiielekea moja kwa moja; iweke pembeni kidogo ya mdomo, kama usawa wa shavu, ikiwa bado inakutazama. Soksi nyembamba safi juu ya maiki inasaidia pia.

"Nimerekodi nje, nasikia ngurumo tu"

Huo ni upepo, na kuanzia Julai hadi Oktoba huku kwetu hauombi ruhusa. Ngurumo hiyo haiko hewani, inazaliwa pale upepo unapogonga kitundu cha maiki, ndiyo maana wewe uliyesimama pale hukuisikia. Ikishaingia kwenye rekodi haitoki vizuri kwa programu yoyote.

Maiki ya kubana kwenye shati huja na sponji ndogo. Kwa upepo wa kwetu haitoshi. Inahitajika ile yenye manyoya. Ukikosa, pitisha maiki ndani ya kanga au chini ya kola, mradi kitambaa hakisugui. Geuza mgongo uangalie upepo unakotoka, mwili wako uwe ukuta. Bora zaidi, kaa upande wa nyumba usio na upepo au ndani ya gari.

Vumbi linafuata upepo. Weka maiki kwenye mfuko wa kufunga usipoitumia, na usipulize kitundu kwa mdomo, unasukuma vumbi ndani. Brashi laini kavu inatosha.

Kelele za nyumbani, kwa haraka

*Ta! ta! kutoka juu.* Bati linatanuka asubuhi jua linapopanda na kusinyaa jioni. Rekodi usiku au alfajiri. Mvua ikianza kwenye bati, simamisha. Hakuna kipindi kinachopona hapo.

*Mvumo wa mmmm usiokatika.* Zima friji na feni kwanza. Ukibaki, chomoa chaja ya simu au kompyuta na urekodi kwa betri. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wa sauti hiyo nzito hupita kwenye chaja duni hadi kwenye maiki. Ukikatika ulipochomoa, umempata mchawi.

*Trr-trr-trr ya ghafla.* Simu nyingine iko karibu na waya wa maiki na inatafuta mtandao. Zote ziwekwe hali ya ndege, ile ya mgeni pia.

*Adhana, jogoo, bodaboda.* Simama, subiri ipite, rudia sentensi nzima tangu mwanzo. Usiendelee kutoka katikati. Wakati wa kuhariri hutapata mahali pa kuunga.

"Nimechomeka maiki mpya, hakuna kilichobadilika"

Huenda simu bado inarekodi kwa maiki yake. Washa kurekodi, kwaruza taratibu maiki uliyochomeka kwa ukucha, kisha kwaruza ukingo wa chini wa simu. Sikiliza: mkwaruzo upi una nguvu?

Kama ni wa simu, tazama pini ya maiki. Pini yenye mistari miwili ni ya kamera na kompyuta; simu inataka yenye mistari mitatu. Zinafanana na huuzwa pamoja kwenye maduka ya vifaa vya simu mjini, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti. Kuna kiunganishi kidogo cha kubadilisha, si cha bei kubwa. Kwa simu zisizo na tundu la hedifoni, kiunganishi cha USB nacho kiwe kinachopitisha maiki, maana vingine hupitisha sauti ya kusikiliza tu.

"Sauti inakwaruza watu wakicheka"

Sauti imeingia kubwa kuliko kipimo, vilele vyake vikakatwa. Kilichokatwa hakirudi. Kabla ya kuanza, mwambie mgeni acheke au aongee kwa nguvu kabisa, sio aseme "moja, mbili, hello". Punguza kiwango mpaka sauti ya kawaida ifike karibu na desibeli −12 kwenye kipimo. Rekodi ndogo unaweza kuikuza. Iliyopasuka huna la kuifanya.

Hili linakuwa kali ukirekodi ngoma. Wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, simu iliyopangwa kwa ajili ya mahojiano itapasuka kwa pigo la kwanza, na vigelegele vitamalizia. Rudi nyuma hatua sita au saba, punguza kiwango, rekodi pigo moja la majaribio. Kinyume chake ni zeze: sauti yake ni nyembamba na ya karibu, unatakiwa kusogea hadi shubiri mbili. Ukitaka vyote katika kipindi kimoja, rekodi mara mbili kwa mipangilio miwili.

"Sikio la kushoto linasikia, la kulia kimya"

Umerekodi maiki moja kwenye faili la pande mbili. Katika Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, gawanya rekodi hiyo pande mbili, futa upande ulio kimya, uliobaki ufanye mono, yaani sauti ya njia moja inayosikika masikio yote mawili. Na kwa podikasti ya maongezi, toa faili la mwisho likiwa mono siku zote. Kwa kilobiti 64 linasikika vizuri, na msikilizaji wako wa Chemba anaokoa nusu ya bando.

"Mgeni yuko Dar, sauti yake inakatikakatika"

Usirekodi maongezi ya simu yenyewe. Kila mmoja arekodi sauti yake mwenyewe kwa simu ya pili au kompyuta, huku mnaongea kwa WhatsApp mkiwa na hedifoni masikioni. Mwanzoni hesabuni hadi tatu mpige kofi pamoja. Wakati wa kuhariri unapanga makofi mawili yakutane. Kisha mgeni akutumie faili kama dokumenti, sio kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa sana. Kama sauti yake imeingia kwenye faili lako pia, ujue hakuvaa hedifoni, au wewe hukuvaa.

"Faili lipo lakini halifunguki"

Hili limenitoa machozi. Nilirekodi saa moja na nusu Hombolo, mzee akieleza walivyoanza kupanda zabibu, na simu ikazimika chaji dakika za mwisho. Faili la M4A lilikuwepo, lina ukubwa wake, na halikufunguka mpaka leo.

Sababu ni kwamba faili la aina hiyo kwa kawaida huandika ramani yake ya ndani mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Simu ikifa kabla, sauti ipo ila hakuna ramani ya kuisoma. WAV huvumilia zaidi, inaweza kufufuliwa kwa Audacity kwa kuingizwa kama data ghafi. Hula nafasi: mono ya kawaida ni kama MB 5 kwa dakika, karibu MB 320 kwa saa. Kama huna nafasi hiyo, baki na M4A lakini simamisha na kuanza upya kila dakika 20. Chaji iwe juu ya nusu, pawabenki iwe mkobani, nafasi ya kumbukumbu uiangalie kabla hujatoka nyumbani. Simu iwe hali ya ndege, kwa sababu mtu akipiga, kwa simu nyingi rekodi inakatika. Na kabla hujamuaga aliyekupa muda wake, sikiliza sekunde kumi za mwisho.

Ukifika nyumbani, nakili mara mbili mahali tofauti kabla hujaanza kukata chochote.

"Nimeondoa kelele, sasa naongea chini ya maji"

Umezidisha dawa. Programu ya kuondoa kelele inahitaji mfano wa ukimya wa chumba, kwa hiyo kila unaporekodi nyamazeni wote sekunde kumi mwanzoni. Chagua mfano huo, kisha ondoa kidogo, desibeli 6 hadi 9, uache kelele nyingine ibaki. Sikio linasamehe feni ya mbali. Sauti ya binadamu iliyogeuka bati halisamehe.

"Kipindi changu kiko chini, cha wengine kinasikika"

Sawazisha ukubwa wa sauti kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, sio kwa jicho. Apple wanapendekeza karibu −16, vilele visizidi desibeli −1. Audacity ina kifaa cha kazi hiyo, unaandika namba tu. Halafu fanya jaribio la mwisho mahali msikilizaji wako aliko: spika ya simu, jikoni, mboga inakaangwa. Kama unakosa maneno hapo, bado.

Matatizo ya kurusha

*"Niko Spotify, kwenye Apple sionekani."* Kuweka kipindi sehemu moja hakukifikishi kwingine chenyewe. Unahitaji huduma moja ya kuhifadhi inayokutengenezea mlisho wa RSS, kisha unaupeleka mlisho huo Apple Podcasts na kwingineko mara moja tu. Baada ya hapo kila kipindi kipya kinaenda chenyewe. Mara ya kwanza kuna ukaguzi wa saa kadhaa au siku kadhaa, kwa hiyo usitangaze tarehe ya uzinduzi kabla hujakubaliwa. Hakikisha barua pepe iliyo ndani ya mlisho ni yako na inafunguka, maana msimbo wa uthibitisho unatumwa huko.

*"Picha ya podikasti yangu inakataliwa."* Iwe mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000 kila upande, JPEG au PNG. Maandishi yawe makubwa, kwenye simu itaonekana kama ukucha.

*"Nilipanga kitoke asubuhi, kimetoka usiku."* Hili nimelikuta mara nyingi na linatuhusu sisi. Tunasema saa moja asubuhi, mkono unaandika 1:00. Kompyuta inaelewa saa saba usiku. Saa moja asubuhi ni 07:00, saa mbili usiku ni 20:00. Kisha angalia kama huduma yako inahesabu saa za eneo letu au UTC, ile saa ya kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa 3, hivyo 07:00 yetu ni 04:00 yao. Na kipindi kilichowekwa tarehe ya kesho kwa makosa hakionekani kabisa hadi kesho ifike. Usikipakie upya, utapata viwili.

*"Kipindi kimeondolewa."* Mara nyingi ni wimbo wa Bongo Fleva uliowekwa mwanzoni. Kumtaja msanii au kutumia sekunde kumi tu hakukupi ruhusa. Nenda kwa mpiga zeze wa kwenu, mlipe, muandikiane karatasi yenye sahihi inayosema muziki utatumika wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpigaji pia, hata kama ngoma ni ya mababu. Utakuwa na mwanzo ambao hakuna podikasti nyingine inao.

*Leseni.* Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Kama unarusha habari na matukio, suala la leseni usilichukue kwa kusikia ya watu. Ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) Kanda ya Kati iko hapahapa Dodoma; nenda ueleze unachotaka kufanya kabla hujarusha.

*"Watu kumi na wawili tu wamesikiliza."* Sikiliza dakika yako ya kwanza. Kama ni muziki, salamu, jina lako, jina la podikasti na shukrani, kata yote, anza na sentensi nzito kuliko zote aliyoisema mgeni. Halafu tuma kipande cha sekunde 40 kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wanaohusika na mada. Kipindi cha bei ya mahindi Kibaigwa kiende kwa wakulima na madalali, sio kwa wanafunzi wenzako.

"Babu anakauka nikiwasha maiki"

Nimeliweka mwisho kwa sababu hakuna kifaa kinacholitibu, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote yaliyotangulia. Mzee anaongea vizuri chini ya mbuyu. Ukiwasha, ananyooka, anasema "Mimi kwa majina naitwa," na anaanza kuongea kama yuko mkutano wa kijiji.

Sababu ya kwanza ni wewe kushika maiki mbele ya uso wake. Ibane kwenye shati lake kwa ruhusa yake, mpe dakika kumi za mazungumzo ya mvua na mifugo, aisahau.

Ya pili ni lugha. Unauliza kwa Kiswahili cha ofisini, naye anajibu kwa Kiswahili cha ofisini. Kama Kigogo ndicho kinywa chake, anza na salamu ya "Mbukwenyi" na mwache aongee hicho. Utaeleza kwa Kiswahili kwenye kipindi, lakini sauti yake isikike kwanza.

Ya tatu ni swali lenyewe. "Babu, tuambie historia ya njaa ya Mtunya" ni swali la mtihani. Njaa ile iliikumba Ugogo kuanzia miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza. Yeye aliisikia kwa wazazi. Nilimsikia binti mmoja Chamwino akiuliza hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, mama yako alikuwa akikataa kutupa chakula gani, hata kama kimeharibika?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Binti hakuujaza ukimya ule, na akafanya vizuri. Kisha mzee akaanza na mlenda uliokaushwa, akaja kwenye ubuyu, akafika kwenye watu.

Ukimya kama huo usiukate hata kwenye kuhariri. Na ukishasema asante, usikimbilie kuzima. Mwambie, "Babu, bado inarekodi, niiache?" Akikubali, iache, kwa sababu atasimama akusindikize hadi njiani, na huko njiani, akiwa ameshika fimbo na mahojiano "yameisha", ndiko atakakolisema lile alilokuwa analizunguka tangu asubuhi.